Papa Simon Kimbangu alipotafuta kazi Kinshasa

Wengi kati yetu tulifika mjini na mzigo mmoja, tukalala kwa ndugu, kwa maana mwenye nyumba alidai garanti ya miezi mingi na kazi haijapatikana. Njia hiyo Papa Simon Kimbangu aliipita mbele yetu.

Alizaliwa Nkamba mwaka 1887, akabatizwa mwaka 1915 pamoja na Mama Marie Muilu. Mwaka 1918 Bwana akamwita. Naye, kama Yona, mwishowe akakimbilia Kinshasa. Huko alipata kazi katika kampuni ya mafuta ya ngazi, akaifanya miezi mitatu bila kulipwa mshahara. (Na nyumbani aliacha watoto watatu, wa mwisho alizaliwa mwaka ule ule wa 1918!) Sauti ikamfuata hata huko. Akarudi Nkamba mikono mitupu, akashika jembe.

Tarehe 6 Aprili 1921 alimponya Mama Nkiantondo. Ndipo watu wakaacha kazi za wazungu, wakamfuata Nkamba. Oktoba ya mwaka huo alihukumiwa kufa. Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Miaka thelathini makao yake mjini yalikuwa gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, alikofia tarehe 12 Oktoba 1951. Mwaka 1960 mwili wake ulirudishwa Nkamba.