Profesa Justinian Rweyemamu (1942–1982): Mchumi Aliyeuliza Faida Inakwenda Wapi

Ndugu wana Kilombero,

Kila mwaka katika kijarida hiki cha harambee tunasimulia maisha ya mtu mmoja aliyetutangulia ambaye kazi yake inatuhusu. Mwaka huu tumemchagua Profesa Justinian Rweyemamu. Hakuwa mtu wa bonde letu. Alizaliwa Bukoba mwaka 1942. Lakini swali alilolishughulikia ni letu kabisa: kwa nini watu wenye ardhi nzuri na mikono ya kazi wanabaki maskini?

Alisoma Marekani, Chuo Kikuu cha Fordham na kisha Harvard, alikopata shahada ya uzamivu ya uchumi. Alirudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1973 kikatoka kitabu chake kikubwa kuhusu viwanda vya Tanzania. Alionyesha kwamba uchumi tulioachiwa na ukoloni ulikuwa umepinda: tuliuza mazao ghafi, tukanunua bidhaa za viwandani kwa bei aliyopanga mwingine. Hata viwanda vichache vilivyojengwa hapa vilitegemea sana mashine na malighafi kutoka nje, wala havikuunganishwa na shamba la mkulima. Kiwanda kiliweza kukua, kijiji kikabaki palepale.

Katika miaka ya 1970 alikuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere katika mambo ya uchumi. Baadaye alifanya kazi na Tume ya Willy Brandt, iliyotoa mwaka 1980 ripoti yake juu ya pengo kati ya nchi tajiri na nchi maskini. Mwaka huohuo kilitoka kitabu alichokihariri kuhusu viwanda na mgawanyo wa mapato Afrika. Alifariki mwaka 1982, bado kijana.

Somo lake tunaliona kila msimu. Mpunga wetu mwingi unauzwa wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, kwa sababu kuna deni la trekta na mahitaji ya shule. Mwingine unauzwa ungali shambani. Lori linaondoka Ifakara na magunia ya lumbesa, na faida ya kukoboa, kupanga madaraja na kufungasha inabaki huko lilikokwenda. Ikifika Februari, aliyelima ananunua mchele dukani kwa bei ya juu. Tofauti ya bei hizo mbili ni kama riba anayolipa mkulima bila kusaini mkopo wowote.

Ndiyo maana michango yote ya mwaka huu inakwenda kwenye ghala na mashine ya kukoboa. Mkulima atahifadhi mpunga wake, atapata mkopo kwa stakabadhi ya ghala, na atauza bei ikipanda. Ghala peke yake halitamaliza umaskini, lakini litabakiza nyumbani sehemu ya faida ambayo sasa inapanda lori.

Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho. Tunawaomba, popote mlipo, mjaze na kuirejesha.