Carl Akeley na Gorila wa Mikeno

Kaskazini ya Goma upo mlima Mikeno. Mwaka 1921 Carl Akeley, Mmarekani, alifika huko kuwinda gorila kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Pasipo njia, yeye na wapagazi walipanda mgongo wa mlima wakikata vichaka na mianzi, miguu ikiteleza. Aliwaua gorila kadhaa. Kisha akawaonea huruma, maana hawakuwa wakali kama alivyosikia. Akaiomba serikali ya Ubelgiji iwalinde. Mwaka 1925 ikaanzishwa Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga. Mwaka 1926 alirudi, akapanda tena ingawa ni mgonjwa. Akafa Kabara, akazikwa huko huko, katika msitu wa gorila.