Pier Paolo Pasolini: Mtu wa Injili na wa Kashfa

Pier Paolo Pasolini, mshairi na mtengenezaji wa filamu, alizaliwa Bologna, Italia, tarehe 5 Machi 1922. Alibatizwa, lakini ukubwani alijitangaza waziwazi kuwa si mwamini.

Mwezi Oktoba 1962 alikuwa Assisi, mgeni wa chama cha walei Wakatoliki. Siku ile Baba Mtakatifu Yohane XXIII alifika huko kuhiji, na mji ukafurika watu. Pasolini alibaki chumbani, akachukua Injili iliyokuwapo, akaisoma. Usomaji huo ulizaa filamu ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo, ambayo aliitabaruku kwa kumbukumbu ya Papa huyo. Hakutumia waigizaji mashuhuri bali watu wa kawaida, na mama yake mzazi, Susanna, aliigiza kama Bikira Maria katika uzee wake. Shirika la Kikatoliki la kimataifa la filamu, OCIC, liliituza.

Miaka minne baadaye alitoa Teorema. Humo mgeni asiyejulikana anaingia katika nyumba ya mwenye kiwanda huko Milano, analala na kila mmoja, wanaume kwa wanawake, kisha anaondoka. Familia inasambaratika, mtumishi wa ndani pekee anarudi kijijini kwao, akishika mfungo na ukimya. Waamuzi wa OCIC waliona humo fumbo la Mungu anayebisha hodi katika nyumba iliyoshiba mali, wakaituza pia. L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikano, likaishutumu. Serikali ilimshitaki Pasolini kwa uchafu wa maadili, na mahakama ya Venezia ikamwachilia.

Je, waamuzi walikosea? Kiu ya Mungu si ndoto, na Teorema iliiona. Lakini kuifananisha ziara ya Mungu na uzinzi ni kuujeruhi mwili ambao Kanisa linauita hekalu la Roho Mtakatifu. Mwamini anaweza kukiri yote mawili bila kuuficha ukweli wala kumtupa mtu.

Pasolini aliuawa kikatili huko Ostia usiku wa kuamkia tarehe 2 Novemba 1975, siku ambayo Kanisa linawakumbuka Marehemu Wote. Mwaka 2014 gazeti lile lile la Vatikano liliisifu filamu yake ya Injili kuwa pengine bora kupita zote zilizomhusu Yesu. Hukumu ya roho yake ni ya Mungu. Wajibu wetu ni kumwombea.