Mama Muilu Marie, mchungaji wa siku za giza



Wachungaji wengi wanatuuliza namna ya kuongoza kusanyiko wakati mambo yanapogeuka. Vita inatawanya familia, vijana wanahamia mjini, wazee wanalala katika Bwana. Tunawakumbusha maisha ya Mama Muilu Marie, bibi wa Papa Simon Kimbangu.

Walibatizwa wote wawili mwaka 1915, katika misioni ya Wabatisti ya Ngombe Lutete. Mungu aliwapa wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda. Tarehe 6 Aprili 1921 Papa Simon alianza kazi ya kuponya na kuhubiri, na watu wengi sana wakakimbilia Nkamba. Kazi ile ya wazi ilidumu miezi michache tu. Mwezi wa Septemba alishikwa, na tarehe 3 Oktoba baraza la vita la Thysville lilimhukumu kufa. Mfalme wa Ubelgiji aligeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Elisabethville, inayoitwa leo Lubumbashi, akakaa kifungoni mpaka kufa kwake tarehe 12 Oktoba 1951.

Fikirini hali ya Mama siku zile. Mume amepelekwa upande wa pili wa nchi. Mtoto wa mwisho ana miaka mitatu. Serikali imekataza kazi, na waamini wanahamishwa kwa nguvu, wengine mpaka Lowa kwenye mto Lualaba. Mama hakuwa na hekalu wala cheo cha kuonyesha watu.

Lakini alibaki na kundi. Kusanyiko kubwa la mchana halikuwezekana tena, basi watu wakasali wachache wachache kwa siri, naye akawatia moyo na kuwaongoza. Namna ya kukusanyika iligeuka, imani haikugeuka. Papa Simon alikuwa amekataza kulipa ubaya kwa ubaya, na Mama alilinda neno lile ijapokuwa machungu yalikuwa mengi. Tena hakuishika kazi kama mali yake. Wana walipokuwa watu wazima, Joseph Diangienda alianza kuongoza na kupanga Kanisa wakati mama yake angali hai.

Mama Muilu alilala tarehe 27 Aprili 1959. Serikali ililikubali Kanisa tarehe 24 Desemba ya mwaka uleule. Hakuiona siku ile, lakini kundi lililoiona ni lile alilolichunga miaka 38. Mwezi wa Aprili 1960 mwili wa Papa Simon ulirudishwa Nkamba.

Sisi wachungaji tujipime hapa. Mara nyingi tunatetea kiti na desturi zetu kuliko watu. Kijana akileta shauri, tunaona anataka kutupindua. Kusanyiko likipungua, tunakasirika na wale waliobaki. Mama aliwatunza wachache aliokuwa nao, akatayarisha watakaomfuata, akamwachia Mungu mavuno.

Mchungaji, ni nani unayemtayarisha leo? Usingoje siku njema ndipo uanze. Bwana atupe moyo wa mama yule. Amina.