Weston Price: Tabibu aliyezunguka dunia kuhesabu meno yaliyooza

MWAKA wa 1935 tabibu wa meno kutoka Marekani, Weston Price, alitua Mombasa akiwa amekaribia umri wa miaka 65. Hakuja kung’oa meno wala kufungua zahanati. Alikuja kutafuta sababu ya watu wasiowahi kumwona daktari wa meno kuwa na vinywa vyenye afya kuliko wagonjwa wake mjini Cleveland.

Jibu alilolipata lingali na uzito kwa jamii za Bungoma, wanakolima miwa, na Kitale, ambako chai yenye sukari haikosi mezani.

Price alizaliwa Septemba 6, 1870, katika kijiji cha Newburgh, Ontario, nchini Kanada. Alihitimu udaktari wa meno katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka wa 1893, kisha akafanya kazi kwa miaka mingi Cleveland, jimbo la Ohio.

Njia yake haikukosa miiba. Mwaka wa 1923 alichapisha utafiti uliodai kwamba meno yaliyotibiwa mizizi huficha viini vinavyoleta maradhi kwingine mwilini. Kwa nadharia hiyo iliyoshikiliwa na madaktari wengi wa enzi zake, wagonjwa wengi waling’olewa meno ambayo yangeokolewa. Utafiti wa baadaye uliikanusha.

Kuanzia mwaka wa 1931, Price alifunga safari za kuchunguza vinywa vya watu. Alianzia kwenye mabonde ya milima ya Uswisi, akaendelea hadi visiwa vya Scotland, Alaska na visiwa vya Pasifiki. Kila alikofika alihesabu meno, akapiga picha na kuuliza watu wanakula nini.

Humu nchini aliwachunguza Wamaasai 88. Kati ya meno yao 2,516, ni 10 tu yaliyokuwa yameoza, nayo yalikuwa ya watu wanne. Miongoni mwa Wakikuyu 33, alipata meno 57 yaliyooza kati ya 1,041. Aliwapima pia Waluo na Wamaragoli, ambao ni ndugu wa Wabukusu wa Bungoma katika jamii ya Waluhya, kabla ya kuendelea na safari kupitia Uganda, Kongo na Sudan hadi Misri.

Alichokiona kilijirudia kila mahali. Waliokula vyakula vya asili vya kwao walikuwa na meno machache mabovu. Walioanza kutumia sukari na unga mweupe wa ngano waliharibikiwa, hata kama walikuwa wa ukoo mmoja. Aliyaandika hayo katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1939.

Si yote aliyoyaandika yaliyokubalika. Wakosoaji walisema aliwapima watu wachache mno mahali pengine, na kwamba aliyasifu maisha ya kale bila kuyatilia maanani maradhi mengine yaliyowaua watu mapema. Hata hivyo, kuhusu sukari hakukosea. Bakteria wa kinywani huigeuza sukari kuwa asidi, nayo asidi huila sehemu ngumu ya nje ya jino hadi litoboke.

Katika magharibi mwa Kenya mabadiliko hayo yalifika kwa reli na maduka. Reli ilifika Kitale mwaka wa 1926, na mnamo 1978 kiwanda cha Nzoia kikaanza kusaga miwa Bungoma. Wimbi, mtama na mboga za kienyeji vikapata washindani: chai ya sukari, mandazi, soda na peremende.

Price aliaga dunia Januari 23, 1948, huko California. Miaka mitatu kabla ya kifo chake, mji wa Grand Rapids katika jimbo la Michigan ulikuwa umeanza kutia floridi katika maji ya mfereji ili kuyakinga meno. Kinga hiyo sasa hupatikana katika dawa nyingi za meno madukani.

Kutokana na maarifa ya leo, mazoea ya kulinda meno si ya gharama kubwa. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floridi, hasa kabla ya kulala, na baada ya hapo povu litemwe bila kusukutua kwa maji mengi. Anayetumia kijiti cha mswaki anaweza kusafisha meno vyema akikitumia kwa makini, ila kijiti pekee hakina floridi ya kutosha.

Vitamu navyo viliwe pamoja na mlo, badala ya kutafunwa kutwa nzima. Hata mua, licha ya nyuzi zake, una sukari, kwa hivyo mtoto anayeutafuna tangu asubuhi hadi jioni hayapi meno yake nafasi ya kupumzika. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu mtu anazopata kwenye chakula kwa siku.

Mzazi anayepunguza kijiko kimoja cha sukari katika kikombe cha mwanawe, na kumsimamia apige mswaki kila usiku, huenda akamwepushia machungu ya kung’olewa magego angali mdogo.