Middleton, mzee wa herufi zenye mapengo

Jina Robert Hunter Middleton huenda halikuambii kitu, lakini herufi zake unazijua: nene, zenye vijiguu, zimekatikakatika kama maandishi ya kreti za jeshi. Hiyo ni fonti ya Stencil.

Alizaliwa 1898 karibu na Glasgow, Scotland. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Marekani, kwanza Alabama kwenye machimbo ya makaa, kisha Illinois. Alijiunga na shule ya sanaa ya Art Institute, Chicago, akitaka kuwa mchoraji wa picha. Mwalimu wake, Ernst Detterer, akamtia ugonjwa wa herufi, na hakupona. Mwaka wa 1923 aliajiriwa na Ludlow, kampuni ya mashine za kuyeyusha madini na kutoa vichwa vya habari vya magazeti. Alitoka huko 1971. Miaka 48, mwajiri mmoja! Sisi wa vibarua vya miezi mitatu hata hatuwezi kuifikiria. Alichora karibu fonti 100.

Stencil ilitoka Juni 1937. Ukikata herufi O kwenye karatasi ya manila, tumbo lake linaanguka, kwa hivyo lazima uache vidaraja. Madini hayana shida hiyo, lakini Middleton aliyaacha mapengo makusudi. Alijua pengo lenyewe linaongea: mzigo, bohari, kazi ya mikono. Na ni herufi kubwa pekee, hakuna ndogo.

Mwezi mmoja baadaye Gerry Powell wa American Type Founders akatoa yake, jina lile lile. Fonti ya kompyuta leo kwa kawaida huandikwa kwa jina la Powell. Kwangu mimi, huo ni uonevu kidogo.

Huku Kisii na Nyamira, umbo hilo limerudi lilikotoka. Fundi anachapisha maneno saiba, anayabandika kwenye manila, anakata kwa wembe, kisha anapuliza rangi mlangoni mwa lori: uzito wa gari, basi. Ukimletea fonti ya kawaida, tumbo la A linadondoka na anaanza kubuni vidaraja vyake, huku kimoja kinene, kule chembamba. Ukimletea Stencil, kazi ya kufikiria ilishafanywa. Mwambie kijana anayeanza biashara ya mabango Keroka, itamwokolea wembe na muda.

Ila si kila mahali, jamani. Kadi ya harusi kwa Stencil inasomeka kama wito wa kwenda vitani.

Middleton mwenyewe hakutulia kwenye mashine. Kwa muda wake alichapisha tena, kwa mkono, picha za mbao za Thomas Bewick, mchongaji Mwingereza aliyefariki 1828. Vibao vilikuwa vile vile vya Bewick, na Middleton alivibembeleza hadi vikatoa mistari myembamba kabisa. Alifariki 1985, akiwa na miaka 87.