Fahrenheit: Yatima aliyefanya vipimajoto visikizane

MWANZONI mwa karne ya 18, kupima joto kulikuwa kama kupima shamba kwa hatua za miguu. Kila fundi wa Ulaya alikuwa na kipimajoto chake na alama zake, hivi kwamba viwili vilivyotundikwa katika chumba kimoja viliweza kutoa majibu mawili tofauti.

Aliyekomesha vurugu hiyo ni Daniel Gabriel Fahrenheit, aliyezaliwa Mei 24, 1686 mjini Danzig, ambao leo huitwa Gdańsk, nchini Poland.

Fahrenheit alipokuwa na umri wa miaka 15, msiba mzito uliikumba familia yake. Mnamo Agosti 14, 1701, baba na mama yake walifariki siku moja baada ya kula uyoga wenye sumu. Walezi wake walimpeleka Amsterdam, Uholanzi, akajifunze biashara.

Hata hivyo, moyo wa kijana huyo haukuwa katika biashara bali katika vyombo vya sayansi. Alipoacha kazi aliyopangiwa, walezi waliomba akamatwe na kusafirishwa hadi makoloni ya Uholanzi ya mashariki. Akawa mtu wa kuhamahama, akitafuta elimu mji baada ya mji. Mwaka wa 1708 alifika Copenhagen, Denmark, akamtazama mwanafalaki Ole Rømer akitia alama vipimajoto.

Siri ya chombo hicho ni nyepesi. Kimiminika hupanuka kinapopata joto na kunywea kinapopoa. Kikitiwa katika tumba dogo la kioo lenye mrija mwembamba, hata badiliko dogo huonekana kwa macho.

Lakini kwa hakika kipimajoto huonyesha joto lake chenyewe, baada ya kulingana na kile kinachokizunguka. Ndiyo maana hupewa muda kabla ya kusomwa. Aidha, kikiachwa juani hupashwa na miale, kikaonyesha joto kupita lile la hewa.

Ikiwa kanuni ilijulikana, ugumu ulikuwa wapi? Ulikuwa katika mkono wa fundi. Mrija ukiwa mpana huku na mwembamba kule, au alama zikianzia popote, namba hupoteza maana. Mnamo 1714 Fahrenheit alimpa Christian Wolff, profesa wa Halle, Ujerumani, vipimajoto viwili vya pombe. Wolff alistaajabu kuona vikisikizana.

Baadaye Fahrenheit alisifika kwa kutumia zebaki, ambayo aligundua namna ya kuisafisha. Pombe huchemka kwa nyuzi 78 za Selsiasi, hivyo haiwezi kupima maji yanayochemka, zebaki huweza.

Mwaka wa 1724 alieleza vipimo vyake mbele ya wanasayansi wa Uingereza. Sufuri ilikuwa baridi ya mchanganyiko wa barafu, maji na chumvi ya amonia; 32 ilikuwa ya barafu na maji; 96 joto la mwili wa mtu mwenye afya. Mwaka huo huo, Royal Society ya London ilimpokea kuwa mwanachama, ingawa hakuwa na shahada ya chuo kikuu.

Heshima hiyo haikumletea mali. Alifariki The Hague mnamo Septemba 16, 1736, akiwa na miaka 50, bila mke wala mtoto, akazikwa kimaskini.

Nchi nyingi, Kenya ikiwemo, sasa hutumia vipimo vya Selsiasi, vilivyotokana na kazi ya Anders Celsius wa Uswidi mwaka wa 1742, huku Marekani ikishikilia vya Fahrenheit. Zebaki nayo inaondolewa kwa sababu ya sumu yake, chini ya Mkataba wa Minamata wa 2013.

Lililodumu ni uaminifu wa namba. Muuguzi anapoandika joto la mtoto mgonjwa kijijini, daktari wa hospitali kuu huelewa hasa alichokiona, na kuamua tiba bila kubahatisha.